Mzee Lusweti na Jiwe Lililopanda Boti

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1985, Mzee Simeon Lusweti anakabidhi funguo za banda la boti la chuo chetu pale Nairobi Dam, baada ya miaka ishirini na mmoja na miezi minne kazini. Muda huo wote hajapanda boti hata moja. Hajui kuogelea, na haoni haya kusema hivyo.

Alikuja Julai 1964, fundi seremala kutoka Bungoma, kutengeneza mlango wa banda kwa siku mbili. Mlango ulikwisha, yeye akabaki. Alipanga chumba Lindi, mwendo wa dakika kumi kutoka majini, na hadi leo anaishi hapo na Mama Nasipwondi, mkewe. Alipaka boti rangi, akaunga makasia yaliyovunjika, na kila Jumamosi asubuhi akasimama ukingoni na kitambaa chekundu kuamua nani ametangulia katika mbio za mazoezi baina ya vikosi vyetu viwili, Bweni la Juu na Bweni la Chini.

Mwaka 1971 mambo yaliharibika. Juu walishinda Jumamosi tisa mfululizo. Chini wakakata tamaa, wawili wakahamia kandanda, na ofisi ikaanza kunong'ona kwamba kikosi kimoja hakihitaji boti mbili wala mtu wa kuzitunza. Lusweti alikuwa na watoto wanne shuleni. Jumamosi ya kumi, Chini wakashinda kwa urefu wa kasia! Tangu hapo hakuna kikosi kilichoshinda zaidi ya mara mbili mfululizo. Walifika sako kwa bako. Kocha wetu akapewa kombe kwa ufundi wake. Barua ya pongezi niliipiga taipu mimi mwenyewe.

Miezi hiyo hiyo, kule Lindi, Mama Nasipwondi alipoteza jiwe lake la kusagia nafaka ya wimbi. Alimshuku jirani, Mama Nzembi kutoka Kitui, na kwa miaka minane wawili hao hawakusalimiana, ingawa walianika nguo kwenye kamba moja.

Mwaka 1979 walikuja wageni kutoka Kisumu kushindana nasi, tukaingiza boti ya Juu dhidi yao. Mbio zilipokwisha kuanza, Lusweti akakumbuka kitu. Alikimbia ukingoni akipunga mikono, akipiga kelele warudi. Vijana, ambao hawakuwahi kumwona hivyo, walidhani anawashangilia, wakavuta makasia kama watu waliochokoza nyuki. Walishinda kwa ncha ya boti. Walipoiinua, gunia likachomoka chini ya ubao wa mbele na kufunguka miguuni pa Mama Nasipwondi, aliyekuwa amewaletea uji.

"Simeon! Si hili ni jiwe langu?"

Mzee akakiri. Kila boti ilipozidi kushinda, aliibebesha jiwe. Jioni hiyo Mama Nasipwondi alikwenda kwa Mama Nzembi na kilo mbili za sukari na maneno mengi ya kuomba radhi. Vijana walinuna wiki nzima, kisha nahodha wa Juu akaja bandani. "Mzee, jiwe likae," akasema. "Uzito wake ndio uliotutia nguvu. Bila hilo tungelala." Mama Nasipwondi akakubali, likakaa, sasa hadharani.

Mwaka huu mzee wetu hakuwa na raha. Aliogopa kwamba akiondoka, kikosi kimoja kitazidi, kingine kitavunjika moyo, na banda litafungwa. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita alilitoa jiwe, akaziacha boti zote mbili bila mzigo, ajionee. Zikafika pamoja. Hakuridhika, akawaambia warudie. Zikafika pamoja tena. Mara ya tatu hakuweza kukielekeza kitambaa upande wowote, akajifutia macho nacho. Alisema ni vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Asante sana, Mzee Lusweti. Tutakukosa. Tunakutakia siku nyingi njema katika nchi kavu uipendayo. Jiwe tumelifunga katika gunia lile lile, ila Mama Nasipwondi amesema atalibeba mwenyewe hadi Lindi. Wewe bado hajakuamini nalo.