Uzito wa Nyama ya Mizani

Benchi la kahawa liliegemea ukuta wa bucha, likitazamana na kibanda cha kinyozi. Mwenye bucha walimwita Mizani, maana alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani, nao ni kipimo. Hakupunji hata chembe, wala hakuzidishii hata chembe. Ulie, ugaregare, umtaje marehemu mama yake, mshale usiposimama pale pale hufungiwi nyama. Asubuhi hiyo alitoka na aproni yake, akaketi, akapokea kikombe, kisha akakiacha kipoe mkononi. Kinyozi, ambaye kwa domo lake waliishia kumwita Redio, alijua hapo hapo kwamba kuna jambo.

— Vipi, kaka? Umefiwa?

— Afadhali ningefiwa, ningejua pa kuanzia. Binti yangu jana kaniambia nyama haina uzito.

Mzee Posta, aliyestaafu kazi ya kupeleka barua, alipaliwa na kahawa.

— Binti yupi? Huyu msomi wa fizikia?

— Kwani ninaye mwingine? Chuo cha ng'ambo kimemwita akaendelee na hayo hayo. Wanataka jibu leo. Nikamwambia, mwanangu, mimi na mama yako tuna wewe tu. Hutoki hapa mpaka unieleze hiyo kazi unayoiendea ni kazi gani. Basi akanieleza. Bora ningenyamaza!

Akawapa habari kama alivyopewa. Ndani kabisa ya kila kitu, iwe nyama, iwe benchi, mna chembe, na ndani ya kila chembe mna vipande vitatu. Ukivijumlisha vyote vitatu, unapata kama sehemu moja tu katika mia ya uzito wa chembe yenyewe.

— Ngoja, ngoja, Redio akasema. Na tisini na tisa zimekwenda wapi?

— Ni purukushani. Vinakimbizana humo ndani na kushikana visiachane. Hiyo nguvu ya kushikana ndiyo inayovuta mshale wangu.

Redio alisimama, akaketi, akasimama tena.

— Kwa hiyo miaka yote hii umetuuzia purukushani!

— Usinitie wazimu. Usiku kucha sijapata usingizi.

— Mimi limeniingia, Mzee Posta akasema, akipapasa tumbo lake. Daktari kaninyima chumvi, kaninyima mafuta, na kitambi kiko pale pale. Kumbe si chakula, ni kushikana!

— Mnafanya mzaha? Redio akamaka. Je, siku vikichoka kushikana? Mtaa mzima unapaa kama moshi! Mzee, usikohoe tena karibu yangu.

— Sikukohoa, nilipaliwa.

— Ndivyo itakavyoanza! Na wakubwa wanajua, ndiyo maana wametulia. Kila mmoja ana kamba yake ya kujifunga kitandani.

Mizani hakucheka. Maisha yake yote aliapa kwa ule mshale, na sasa mtoto aliyemlea kwa nyama hiyo hiyo alikuwa nyumbani anangoja neno lake, mama yake amekaa naye. Neno lenyewe hakuwa nalo.

Hapo akaja mama mmoja mwenye kikapu, mgeni wa mtaa, amehamia juzi tu. Alitaka nyama, lakini alivyokuta watu wazima wamekodoa macho vile, akasimama kusikiliza. Redio akamsimulia hadithi yote, na ya kwake akaongeza. Mama akahamisha kikapu mkono wa pili.

— Sasa kimoja kikiondoka, hivyo viwili vinabaki na uzito gani?

Redio akamgeukia Mizani. Mizani alihisi swali limempiga kifuani, kwa sababu nyumbani kwake walikuwa watatu. Akatoa simu, akampigia binti yake na kuiweka sauti juu.

— Mama, kimoja kikiondoka inakuwaje?

"Mama" ndivyo alivyomwita tangu alipozaliwa.

— Nani kauliza hivyo, Baba?

— Mteja.

— Hakiondoki. Hakuna aliyewahi kukiona kimoja peke yake. Ukikivuta mbali, ile nguvu hailegei.

— Kwa nini hailegei?

— Hakuna aliyeweza kuonyesha kwa hesabu mpaka mwisho. Wakubwa wetu wote wamekwama hapo. Ndiyo kazi ninayoiendea.

Redio akashika kichwa.

— Wote na vyuo vyao? Hawajui?

Mizani aliogopa, na alijua anaogopa.

— Wajibu hao watu leo, mama. Waambie unakwenda. Ukishajua, unipigie mimi kwanza.

Kwenye simu ilisikika sauti ya mke wake ikisema kitu, kisha kicheko kilichochanganyika na kilio. Mizani akakata, akaingia bucha, mama wa kikapu nyuma yake.

— Nipe kilo moja, baba.

Akakata pande la nyama, akaligeuza mkononi, akalifunga kwenye karatasi, akampa.

— Mbona hujapima? mama akauliza.

Pale kwenye benchi kikombe cha Redio kilianguka, na hakuna aliyeinama kukiokota.