Nafasi ya Wiki Moja: Maisha ya Mama Yaa Achiaa (1946–2024)

Mama Yaa Achiaa alizaliwa hapa Techiman siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1946, binti wa pili wa Maame Dufie na Mzee Kofi Brenya. Dada yake mkubwa, Adwoa Nsowaa, alikuwa na miaka minne wakati huo, na anakumbuka kwamba mtoto alikuja amekunja ngumi zote mbili. Wakunga wakasema, huyu atakuwa mchoyo. Walikosea.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1953, akamaliza darasa la sita mwaka 1958. Akiwa darasa la kwanza alilia sokoni akitaka kikombe cha bati chenye ua jekundu. Mama yao hakugomba. Walipofika nyumbani alisogeza vyombo rafuni, akaacha nafasi. "Kikombe chako kitakaa hapa," alimwambia. "Ngoja mpaka wiki ijayo. Nafasi hii ikikusumbua, tutakinunua." Wiki ikapita, Yaa akawa amekisahau kikombe. Adwoa hakungoja, alinunua chake siku ileile. Kabla ya masika kilikuwa kinavuja, na jambo hilo alikumbushwa kwa miaka sabini.

Tangu hapo marehemu hakuleta kitu nyumbani kabla ya kukiachia nafasi wiki nzima. Ndiyo maana nyumba yake ilikuwa na hewa.

Aliuza viazi vikuu katika soko letu kuanzia mwaka 1961 mpaka miguu ilipomkatalia mwaka 2014. Wakulima walimpenda kwa sababu hakumpunja mtu aliyeshuka na mzigo akiwa na njaa. Lakini wauzaji wenzake walimwogopa pale alipokuja kununua. Alikuja na bakuli lake, mifuko myeusi ya plastiki hakuigusa, na kabla ya kuuliza bei aliuliza, "Aliyekitengeneza ni nani? Naye amekula?" Mwuza vikapu mmoja alimpigia kelele, "Mama Yaa, unanunua kikapu au unatafuta mchumba?" Akajibu, "Kikapu. Mchumba nilimchunguza zaidi."

Mchumba huyo alikuwa Kwabena Ntim, fundi cherehani, na walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1968. Kwabena alileta sanduku la mahari lenye vitenge sita. Marehemu alichagua viwili, vinne akamrudishia mbele ya wazee.

"Mwanamke gani anarudisha nguo?" shangazi yake Kwabena aliuliza. "Huyu ana kasoro!"

"Shangazi, nina mwili mmoja tu."

Adwoa Nsowaa alijifunika uso kwa aibu. Kwabena alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, tena kwa sauti, mpaka ua mzima ukacheka. Waliishi vizuri mpaka Bwana alipomwita Kwabena mwaka 2009.

Watoto wao hawatausahau mwaka wa maharage. Samaki wa kukaushwa kutoka Ziwa Volta walikuwa wameshuka bei ajabu, na marehemu akamwuliza mwuzaji ni nani aliyewavua. "Vitoto vinavyomfanyia kazi tajiri wangu," mama yule alisema bila hila, "mikono yao midogo, inafungua nyavu haraka." Marehemu alirudisha samaki kwenye sinia. "Vinasoma lini?" Nyumba ikala maharage tangu mavuno ya mahindi mpaka mavuno mengine. Mwanawe Yaw alilalamika kwamba tumbo lake limekuwa ngoma ya mfalme. Mwisho mwuzaji alikuja mwenyewe, amejitwika samaki wengine, akataja wavuvi wake, watu wazima watupu, na majina ya wake zao. Siku hiyo mchuzi ulinukia mtaa mzima.

Presha ilimwanza mwaka 2019, kisha figo zikachoka. Mwezi wa tano mwaka huu alimwita dada yake kitandani.

"Dada, sare ya msiba isinunuliwe. Kila mtu avae nguo ya msiba aliyo nayo. Jeneza achonge Kwasi Damoah hapo jirani. Wala msiniweke kwenye barafu miezi mitatu mkingoja mabango yenye picha yangu."

"Unataka watu waseme nimekuzika kama kuku?"

"Kuku anazikwa? Kuku analiwa."

Adwoa hakucheka. Katika mji huu watu huukumbuka msiba kuliko harusi, na ukoo wetu haujawahi kuzika mtu kimaskini. Alisema atafikiri. Marehemu akamwambia, "Basi iachie nafasi. Wiki moja."

Wiki ilipotimia dada mtu alirudi. "Nimekubali. Lakini wakinicheka, nitakuja kukusuta kaburini."

"Njoo. Tutaongea."

Siku mbili baadaye, Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na mbili asubuhi, marehemu alifariki akiwa usingizini. Maumivu yake yaliishia hapo, tunamshukuru Mungu.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumanne iliyofuata. Mkuu wa ukoo, Mzee Kwaku Gyabaah, alikuwa tayari na kipande cha sare magotini, chenye picha ya marehemu. Adwoa Nsowaa alisimama, akaeleza alichoagizwa. Watu wakatazamana. Akajua sasa anasutwa.

"Kwani inaruhusiwa?" binamu yao Afia Tawiah aliuliza taratibu.

Mzee Gyabaah alikitazama kile kitambaa. "Adwoa, sanduku langu la sare za misiba halifungi mpaka nilikalie. Nina nguo za watu ambao hata sura zao nimezisahau. Kila mwaka naomba mtu aseme hivi, na kila mwaka nanyamaza." Akakikunja. "Kirudi dukani."

Ua mzima ukashusha pumzi, pumzi ileile ya Kwabena Ntim mwaka 1968. Adwoa Nsowaa aliketi, akacheka mpaka akalia.

Kwa hiyo leo, Jumamosi tarehe 15 Juni, mnaona nguo nyeusi na nyekundu za kila namna, zilizopauka na zisizopauka. Hakuna aliyekopa ili aje kulia.

Marehemu ameacha dada, Adwoa Nsowaa. Watoto watatu, Afia Pokuaa, Yaw Ntim na Kwasi Ntim. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Na rafu yenye sahani nne.

Siku alipofariki, dada yake alikiondoa kigoda cha marehemu barazani, akapaacha mahali pake wazi, kama mama yao alivyowafundisha. Wiki imekwisha, na imepita. Nafasi ile inatusumbua sana, na hakuna soko la kwenda.

Pumzika kwa amani, Yaa. Tumekuzika ulivyotaka, na hakuna aliyetucheka.