Siku Kikohozi Changu Kilipokatika

Ndugu zangu, mtanivumilia, nitasema nikiwa nimekaa. Mchungaji ametuita sisi tuliopigana vita vya Uganda tusimame tuheshimiwe, na wenzangu wamesimama. Mimi miguu ninayo, ila pumzi ni ya mgao.

Nilirudi na kipande cha bomu kifuani. Daktari wa jeshi alisema kiko pabaya, kikae humo humo. Kikakaa. Nikalima migomba, nikachuma chai, nikalea watoto. Kisha ikaja miaka hii ya soko huria, maduka ya Tukuyu yakajaa redio na mitumba, na kifua changu nacho kikafungua biashara yake: kikohozi, homa, damu. Cheka tu, mama, hata mimi sasa nacheka. Wakati ule niliogopa sana.

Mnaijua mila yetu Wanyakyusa. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemeshani. Mke wa mwanangu alikuwa akisikia nakohoa njiani, anapinda migombani mpaka nipite. Kikohozi changu ndicho kilikuwa kengele yake.

Siku moja mke wangu alikwenda sokoni, mwanangu alikuwa kazini kwenye mashamba ya chai, na mvua inanyesha. Nikabanwa na kifua shambani, nikaanguka, sauti ikakata. Yule binti alikuwa karibu, amejificha kama kawaida. Akasikia kikohozi kimekatika ghafla. Akangoja nipite, sikupita.

Ndugu zangu, nawaambia, alikuja. Alipiga yowe, hakuna aliyeitika. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamsikia akisema, "Baba, nisamehe. Nakugusa." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu aolewe. Akanifunga mgongoni kwa kanga, akanipandisha na utelezi ule mpaka barabarani. Gari la ndizi likatufikisha hospitali kule Igogwe.

Walinitoa usaha kwa mpira, chuma wakakiacha. Nilipopata nguvu ya kusikiliza, nikaambiwa nyumbani kuna maneno: amemgusa baba mkwe, arudishwe kwao. Niliumia kuliko siku ya bomu. Nikaapa sifii kitandani kabla sijalimaliza hilo. Nikajifunza upya kukaa, kusimama, kutembea na fimbo. Siku niliyorudi, wazee wa ukoo walikuwa uani. Nikawaambia, "Anayetaka huyu arudishwe kwao, kwanza anirudishe mimi kwenye tope aliponiokota." Wakainuka mmoja mmoja, wakaaga.

Nawashukuru wauguzi, na dereva yule, na ninyi askari wenzangu mliolima shamba langu kwa zamu. Ndaga fijo, asanteni sana. Funzo langu ni fupi: mila tuitunze, lakini mtu akianguka, mwinueni kwanza.

Na heshima mliyoniandalia leo, naomba msimame mumpe yule binti aliyejibanza nyuma ya mlango. Mwanangu, nakuita mbele ya kanisa zima. Kuanzia leo ukisikia nakohoa, usikimbilie migombani. Njoo.