Jino Lisiloshika Dawa

Tangu tuktuk itoke Marikiti, goti la msichana aliyeketi kati yetu halikutulia. "Mama, laonekana?" akamuuliza mama wa upande wa pili, asiyemjua, akafunua meno. Alikuwa ameyapaka dawa ya kung'arisha nyumbani. Yote yalikuwa meupe, ila moja la mbele lilibaki manjano, kana kwamba limekuja na tuktuk nyingine.

"Hilo ni la bandia, mwanangu. Halishiki dawa. Daktari hakukwambia?"

"Sikumuuliza. Na mchumba wangu hajui kuwa ni la bandia."

"Mwambie."

"Leo, na wazee wake waja kesho kuniposa?"

"Basi kunywa kahawa tungu, meno mengine yalifuate hilo kwa rangi."

Nikajifanya natazama bahari. Tuktuk ikasimama kwenye bustani ya Mama Ngina. Kijana mwenye mihogo mkononi akaja mbio; ndiye mchumba.

"Mbona leo hucheki?" akamuuliza msichana aliposhuka.

Tuliobaki ndani tukatega sikio; hakuna aliyemwambia dereva aondoke.