Marlene Stidham, Aliyevunja Kibaraza cha Mzee Hobert

Mchungaji Lovell, ndugu, majirani wa Bonde la Sourwood, na ninyi vijana mliosafiri kutoka Ohio na Indiana na bado mna tope la barabarani kwenye viatu, naitwa Geneva Pratt, ni dada yake Arvil Stidham, kwa hiyo marehemu alikuwa wifi yangu, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu Arvil amesema hataweza, na watoto wamesema wakisimama hapa watalia tu. Nitapaza sauti kwa ajili ya mvua hii inayopiga paa, na wa nyuma wasiponisikia wanyooshe mkono.

Marehemu Marlene Joy, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa wa ukoo wa Brandt, alizaliwa tarehe 19 Septemba 1961 nje kidogo ya mji wa Lima, jimbo la Ohio, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Harold Brandt na mkewe Wilma, wakulima wa mahindi na wafugaji wa nguruwe, katika nchi iliyo tambarare kiasi kwamba yeye mwenyewe alizoea kusema kuwa huko mpira ukikuponyoka unaukuta palepale ulipoangukia. Alibatizwa katika kanisa la Kilutheri la wazazi wake, akasoma shule ya msingi na ya sekondari hukohuko, akihitimu mwaka 1979, na walimu wake walimkumbuka kama msichana mpole, mwenye mikono mizuri ya kazi, na mwenye tabia ya kuuliza swali wakati wenzake wameshafunga mikoba.

Mwezi Juni 1978, akiwa na miaka kumi na sita, alikuja hapa Kentucky mara ya kwanza na kikundi cha vijana wa kanisa lake, wale wanaokuja kila kiangazi kutengeneza nyumba za watu wasiojiweza, na nyumba waliyopewa ilikuwa ya mama yetu, Icie Stidham, mjane, ambaye baba yetu alimwacha na watoto watano pale mgodi ulipomfunika. Paa lilivuja, na sisi watoto tulilala jikoni, kwa hiyo Mama aliomba bati na chumba kimoja cha nyuma, na ili kupata nafasi ya chumba hicho vijana walichimba na kukata mguu wa mlima, siku mbili za sururu na koleo, wakiimba nyimbo za kambi.

Arvil alikuwa na miaka kumi na tisa, akawa anakaa juu ya gogo akiwatania, na alipomwona Marlene ameshika nyundo akamwambia, "Wewe mtoto wa tambarare, hiyo siyo sikio la nguruwe, ishike chini kwenye mpini," naye Marlene akapiga msumari kwa mapigo matatu, akamgeukia, akamwambia, "Sasa lete mwingine, au umeumbwa kwa ajili ya kukalia magogo?" Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Basi mambo yalianzia hapo.

Lakini siku ya Alhamisi mlango wa jikoni, ambao vijana walikuwa wameuranda jana yake ukafunga vizuri, uligoma kufunga, wakauranda tena, na Ijumaa asubuhi ukagoma tena, na Marlene akawa wa kwanza kuzunguka nyuma na kuona ufa kwenye udongo juu ya kile chumba kipya, mwembamba, mrefu, kama mtu amepitisha kisu. Akamwita kiongozi wao, Bwana Ruhl, mtu mwema aliyekwisha tangulia mbele ya haki, akamwonyesha, naye akasema, "Marlene, tumekuja kutengeneza nyumba. Mlima si kazi yetu." Akamuuliza Mama, naye Mama akajibu huku akimenya viazi, "Binti yangu, huu mlima umekuwa ukitusukuma tangu nilipoolewa, unasukuma, nasi tunaranda mlango." Jumamosi wakaipaka nyumba rangi nyeupe, wakaomba, wakapanda basi lao wakaenda.

Marehemu alirudi kiangazi kilichofuata, na kilichofuata tena, na tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na kaka yangu Arvil katika kanisa hili hili, baba yake akiwa amesimama pale mlangoni muda wote wa ibada huku anaangalia juu, na nilipomuuliza kama anatafuta kitu akaniambia hajazoea kuwa na kitu kikubwa hivyo nyuma ya shingo yake. Walikwenda kuishi na Mama, katika kile chumba cha nyuma ambacho sakafu yake Marlene aliipigilia kwa mikono yake mwenyewe, naye akapata kazi ya upishi katika shule ya msingi, ambako kizazi kizima cha bonde hili kimekula maharage yake na mkate wake wa mahindi.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Lenora Icie alizaliwa tarehe 4 Februari 1984, Everett alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1989, na Tessie tarehe 30 Mei 1992, na Everett na Tessie wapo hapa mbele pamoja na wajukuu wanne.

Kuhusu Lenora, marehemu aliagiza jambo hili lisomwe lote, lisipunguzwe. Tarehe 14 Aprili 1987, baada ya juma zima la mvua kama hii, Arvil akiwa kazini na Mama akiwa kwa jirani, Marlene alimlaza mtoto chumba cha nyuma, akatoka kwenda kuanua nguo kibarazani kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, na akiwa na shuka mikononi alisikia sauti ambayo maisha yake yote alisema haikuwa ya ngurumo wala ya mti, ilikuwa kama ng'ombe mkubwa anayejilaza chini, na aliporudi ndani jiko lilikuwepo, meza ilikuwepo na vikombe juu yake, na mlango wa chumba cha nyuma ulifungukia udongo mtupu. Wanaume wa bonde hili walichimba hadi siku ya pili. Lenora alikuwa na miaka mitatu.

Wengi walidhani atarudi kwao Ohio, na mama yake alikuja na gari kumchukua, lakini Marlene alimwambia, "Mama, nikiondoka, kiangazi wale watoto watakuja tena na koleo zao, na nani atawaambia?" Mwaka 1993 akachaguliwa kuwa msimamizi wa kambi ya vijana hapa Sourwood, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitano, na ninyi mliopita mikononi mwake mnajua kwamba kabla ya mtu kugusa ngazi au bati aliwazungusha nyuma ya nyumba, akawasimamisha kimya, akawaambia, "Angalieni juu kwanza, nyumba itawasubiri." Kuna familia alizozikatalia kabisa kutengenezewa, akazitafutia mahali pengine pa kukaa, na baadhi yao walimchukia kwa hilo, kwa sababu mtu aliyeomba bati hapendi kuambiwa ahame.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kila mmoja hapa ana maelezo yake juu yake, na familia imeomba yasomwe haya. Tarehe 19 Julai 2018, Alhamisi, kikundi kutoka Indiana, kikiongozwa na mchungaji wa vijana Kendall Voss, kilikuwa kinamalizia kibaraza kipya cha Mzee Hobert Noble, yule pale benchi la tatu, na marehemu alipanda na chakula cha mchana, akaenda nyuma kwenye chemchemi kuosha sufuria, akakuta maji yanatoka ya rangi ya kahawia, na haikuwa imenyesha kwa juma zima. Mbwa wa Hobert alikuwa amelala barabarani, na ingawa walimwita kwa nyama, hakupanda.

Alirudi mbele akamwambia Kendall, "Waondoe watoto. Sasa hivi." Kendall akajibu kwa heshima, "Mama Marlene, zimebaki mbao nne, tupe nusu saa." Hobert naye, akiwa kwenye kiti chake cha kubembea, akamrushia maneno, "Mwache huyo, kwao Ohio hata rundo la samadi wanaliita mlima!" Vijana wakacheka, na sidhani walikuwa na ubaya wowote. Marehemu alikwenda kwenye gari la vifaa, akachukua mtaimbo, akauingiza chini ya ubao wa kwanza wa kibaraza kile kipya, akaung'oa, akang'oa wa pili, akang'oa na ngazi, misumari ikilia, mpaka vijana wakarudi nyuma hadi barabarani wakimwogopa, na Hobert, aliyekuwa na miaka sabini na tisa na hakuwa ameharakisha kwa lolote tangu astaafu mgodini, akashuka na fimbo yake akimfukuza, "Mwanamke, nitakuua! Kibaraza changu!" naye Marlene akakimbia mbele yake, akihakikisha hamwachi mbali, hadi wakavuka daraja.

Wakasimama hapo wote, wakiutazama mlima. Haukuja. Jua lilihamia upande wa pili wa bonde, na mlima ukakaa kimya, na Hobert akaketi juu ya ndoo, akasema, "Haya, Marlene, huo mporomoko uko wapi?"

Mwezi Agosti kamati ya kambi ilimwita, ikamshukuru kwa utumishi wake, ikamwambia apumzike, na mjumbe mmoja akasema kwa upole kwamba labda kifo cha mtoto kilimvuruga akili, naye akajibu, "Ndiyo, kilinivuruga. Ndiyo maana naangalia juu na ninyi hamwangalii." Kiangazi kilichofuata kikundi kingine kilikijenga upya kile kibaraza, na marehemu aliwapelekea keki ya matufaha yaliyokaushwa, kisha akazunguka nyuma kuangalia. Tangu hapo alikwenda kila Jumapili baada ya ibada, Hobert akimpokea kwa kelele, "Umekuja kuupapasa mlima wangu tena?" kisha akimmiminia kahawa, na watu waliopita njiani wanasema wawili hao waligombana mpaka kahawa ikapoa, na Jumapili iliyofuata wakaanza upya.

Mwezi Novemba 2021 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akapelekwa hospitali ya Lexington, wakamkuta na saratani ya kongosho iliyokwisha sambaa, na kwa ushauri wa madaktari akaomba kurudi nyumbani. Mwezi Februari hakuweza tena kutembea, akawa anampigia Hobert simu badala ya kwenda, akiuliza mambo mawili tu, rangi ya maji na hali ya bomba la moshi, na kila mara Hobert alijibu, "Safi kama kioo, na bomba limesimama kama askari." Ndipo Jumapili ya mwisho wa mwezi Hobert akaja mwenyewe, kofia mkononi, akaketi kando ya kitanda, nami nilikuwepo nikikunja nguo, akasema, "Nilikuwa nakudanganya. Bomba limeachana na ukuta tangu Krismasi, naweza kupitisha mkono."

Marehemu hakumkaripia. Akamwambia, "Basi ondoka, Hobert." Hobert akasema, "Nikiondoka pale nitakuwa nani?" Akamjibu, "Utakuwa mzee mkorofi mwenye nyumba nyingine," na hapo tukasikia kicheko cha Marlene kwa mara ya mwisho.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Machi 2022, asubuhi, nyumbani, Arvil akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo alikuwa ameagiza jambo moja lililomliza kaka yangu kuliko kifo chenyewe. Makaburi ya ukoo wetu yako kule kwenye bega la mlima, juu ya nyumba ya Hobert, na Lenora amelala huko, na sote tulijua mama atalala kando yake, pameachwa wazi tangu mwaka 1987. Akasema, "Msinipandishe. Mkinizika kule mtasimama watu mia moja juu ya ule udongo, na mvua ya Machi. Lenora ataelewa." Jana Arvil na Everett walipanda wenyewe kumweleza mtoto, na walipofika walikuta uzio wa makaburi umelala chini, na nyuma ya jiwe la Lenora kuna ufa unaoingia buti la mtu mzima, unaendelea kulia na kushoto hadi msituni, hawakuona mwisho wake.

Kwa hiyo marehemu atazikwa hapa chini, ng'ambo ya kijito, na baada ya maziko chakula kitakuwa katika ukumbi wa sekondari ya wilaya, si hapa. Familia inawaomba wote wenye nyumba upande wa juu wa daraja wasirudi kulala kwao leo wala kesho, vitanda vipo, na mabasi ya vijana yako nje, injini zinawaka. Mchungaji Kendall na vijana wake walifika Alhamisi, na badala ya kukaa na sisi kulia walipanda wakahamisha vyombo vya Mzee Hobert, ambaye ameniomba niseme kuwa hakuondoka kwa sababu ya mlima, aliondoka kwa sababu anamjua yule mwanamke, asingenyamaza hata akiwa kaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lexington, muuguzi Darlene Cornett aliyekuwa akija nyumbani hata barabara ilipojaa maji, wapishi wenzake wa shule, majirani walioleta vyakula mpaka meza ikashindwa, ndugu zake wa Ohio, na vijana wote wa viangazi vyote mlioinua nyundo pamoja naye.

Wifi yangu, umeangalia juu kwa ajili yetu muda mrefu, umechoka. Lala sasa kwa amani, shingo yako ipumzike, kuanzia leo tunaangalia sisi.