Miaka Mitano Zaidi Angani: Rubani Josiah Okedi

Tarehe 30 Novemba 1978, Rubani Josiah Okedi anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Ndege ya Mto Sio kwa miaka thelathini na mmoja. Ametimiza miaka sitini kamili, na sote tunajua alivyoipigania hiyo mitano ya mwisho.

Aliingia mwaka 1947 kama fundi wa injini. Leseni ya urubani aliipata akiwa na miaka arobaini na mitano, wakati wenzake walikuwa wakinunua ng'ombe wa uzeeni. Amebeba dawa, barua, maharusi, na mara moja beberu aliyekula ratiba ya safari. Mafundi bado hawajamsamehe maganda ya karanga anayoacha chini ya kiti.

Mwaka 1973 alifikisha miaka hamsini na mitano, na kanuni ikasema basi, macho ya mzee hayaaminiki. Okedi alikataa. Aliomba apimwe angani, na wakurugenzi wakakubali kwamba matokeo yake ndiyo yataamua umri wa kustaafu wa marubani wote.

Mkaguzi, kijana wa miaka thelathini na minane, alikuja Jumatano. Ndege zetu hutua Busia Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine kina mama huanika muhogo uwanjani. Kosa lilikuwa langu mimi Benta, karani wa uwanja: nilisahau kuwaarifu. Okedi aliukaribia uwanja, kisha akapaa tena. Mkaguzi akauliza kwa nini hatui, na alama za chokaa zinaonekana wazi.

"Hiyo si chokaa, boss," Okedi akamjibu. "Chokaa iko pembeni. Hiyo ya katikati ni muhogo ya watu. Wacha watoe kwanza."

Alizunguka mara tatu huku Mama Nasimiyu na wenzake wakikimbia na mikeka, halafu akatua taratibu kama kuku anayerudia mayai yake. Mkaguzi alishuka akijicheka, akatia sahihi. Mwezi uliofuata umri ulipandishwa hadi sitini, nasi tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Kweli utu uzima dawa.

Asante sana, Mzee. Tunajivunia wewe, na tunakuombea afya, mavuno mema na usingizi wa mchana usio na kengele. Leo, baada ya soda na keki, utazungushwa juu ya Malaba, kwa mara ya kwanza ukiwa abiria. Tafadhali usimsumbue rubani. Ni Mutua, na ana miaka hamsini na saba.