Mtama na Maharage

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuja kuniaga.

Mkuu wa shule amenisifu hapa mpaka nikageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine nyuma yangu. Amesema kwa miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wenu misemo ya Kiingereza, na kwamba hakuna aliyepita mikononi mwangu ambaye akisikia Mwingereza anasema mvua inanyesha paka na mbwa, atatoka nje kutafuta kamba ya kuwafungia. Ni kweli. Lakini amenistahi, hakutaja habari za Ijumaa.

Mliosoma zamani mnacheka, mnazikumbuka. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, nilikuwa nafungua daftari langu jekundu na kusoma kwa sauti majibu yaliyokosewa wiki nzima, pamoja na majina ya walioyaandika. Darasa la jirani walikuja kuchungulia dirishani. Nilidhani nachangamsha somo. Nani hapendi mwalimu mcheshi?

Mwaka mmoja niliuliza maana ya ule msemo wa Waingereza wa kumwaga maharage. Kitabu kilisema: kutoa siri. Msichana wa dawati la tatu, ambaye mkono wake ulikuwa juu tangu kengele ya asubuhi, aliandika: "Ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi." Jamani, nani angeeleza vizuri zaidi ya hapo? Alikuwa ameuelewa msemo ule mpaka akautafutia ndugu yake nyumbani. Mimi nikaangalia kitabu, nikaangalia jibu, nikaona havifanani, nikampiga kosa. Ijumaa nikalisoma, tena kwa madoido, nikiigiza na kuku wenyewe. Darasa zima likavunjika mbavu. Toka siku hiyo akaitwa Kuku Wengi, uwanjani, kwenye foleni ya maji, na hata mimi nilimwita hivyo, Mungu anisamehe.

Mkono ule haukuinuka tena. Alifanya mitihani, akapita kwa taabu, akaondoka. Nikasema kanywea mwenyewe.

Koti hili mlilokuwa mnalisifia pale mlangoni kalishona yeye. Ni fundi cherehani, ana chumba chake nyuma ya soko. Nilikwenda kupimwa bila kujua ni nani. Nilipouona mwandiko wake kwenye daftari la vipimo, nikamtambua. Yeye alikuwa amenijua tangu naingia. Siku hiyo nilipimwa, nikaondoka. Siku ya kulijaribu koti nikajikaza, nikamwomba msamaha, naye ana pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Nilishakusamehe, mwalimu," akasema. "Ila hata leo nikiulizwa kitu mbele za watu, nanyamaza. Juzi nilimpeleka mwanangu hospitali, daktari akaniuliza ameanza kuumwa lini. Siku naijua, na saa naijua. Nikanyamaza mpaka nesi akanigombeza."

Nikamwalika hapa leo. Akasema ukumbi huu hauwezi. Kisha akaniomba nisimame wima, amalizie pindo.

Walimu vijana, sina mawaidha marefu. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe huku nikicheka. Daftari jekundu nimekuja nalo, hili hapa. Jana nimeufungua ukurasa wake, nikafuta lile kosa, nikaandika alama zote. Nimechelewa miaka ishirini na sita, na mwenye jibu hayupo kuziona.

Basi nawaomba nyinyi mliopo mnishuhudie: jibu lile lilikuwa sahihi, na ndilo jibu bora nililowahi kupewa katika kazi hii.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi, wanangu, asanteni sana kwa kunisikiliza. Yeye sikumsikiliza.